Chupa Sita Zilizokataa Kufa

Kibokoni, Mombasa
8 Februari 1966

Kwa Bwana Mutunga,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi, na zikukute umelivaa lile sweta alilokufumia mama yako, si umelikunja sandukuni kama ulivyokuwa ukifanya hapa. Sisi huku tu wazima. Idi imekwisha, joto limebaki. Mwanangu Mwanakuu ametimiza miezi minane, ana meno mawili, na yote mawili ameshayajaribu kwangu. Baba yake, Taib, bado anatembea kwa fimbo tangu ule mzigo wa bandarini Kilindini umwangukie mguuni. Kwa hiyo ndiye anayeshinda na mtoto mimi nikija kazini, amemfunga kwa leso yangu mgongoni, na mtaa mzima unasema. Wacha useme.

Sasa kazi. Ulipoondoka hapa maabarani kwenda kusoma uliniambia nikuandikie kila baada ya wiki mbili, nisiongeze wala nisipunguze, hata jambo likiwa la ajabu. Basi hili ni la ajabu.

Chembe hai za yule samaki chewa zimeshika vizuri. Nilizitoa kwenye figo la samaki kama ulivyonifundisha, nikaziosha, nikazigawa katika chupa kumi na mbili, nikabakisha zile nyeupe tu zinazonata kiooni. Jumanne tarehe mosi nilitia virusi katika chupa ya kwanza hadi ya sita. Leo ni Jumanne nyingine, na nimezitazama kwa darubini asubuhi na nimezitazama tena adhuhuri. Hazikufa. Zimejinyoosha juu ya kioo, safi, kama hazikuguswa na kitu. Chupa ya saba, niliyoitia virusi Alhamisi, imekufa yote. Chembe zimejikunja, zimebanduka, zinaelea kama ukoko wa uji. Na virusi ni vile vile vya friji yetu.

Sijui maana yake. Nimekunakilia ukurasa wa daftari nyuma ya karatasi hii.

Wako katika kazi,
Mwanakhamis binti Sheikhan


Skotlandi
19 Februari 1966

Bi. Mwanakhamis,

Barua yako nimeipata. Sweta nimelivaa, na juu yake koti, na juu ya koti langu koti la mwenye nyumba. Mpe Taib pole ya mguu.

Nisikie vizuri, na usidhani nimekasirika. Ulichoniandikia hakiwezekani. Virusi hivi nimevijaribu mwaka mzima kwa mkono wangu, na kila mara chembe za chewa hufa siku ya nne, ikizidi sana ya tano. Hujaona chupa hata moja iliyopona, na mimi sijaona. Sasa unaniambia sita kwa mpigo. Kuna njia moja tu ya chembe kubaki hai: hukutia virusi. Labda ulitia maji ya chumvi ukidhani ndivyo. Labda siku hiyo ulichoka ukaandika kitu ambacho hukukifanya. Una mtoto mchanga na mume mgonjwa. Nani hachoki?

Halafu kuna jambo jingine. Nilikuagiza utie virusi vyote siku moja. Chupa ya saba ilikuwaje ikatiwa Alhamisi?

Profesa wangu anataka matokeo yote ya Mombasa kabla ya mwisho wa Machi. Ukurasa huo ukibaki ulivyo, ataitilia shaka kazi nzima, ya mwaka huu na ya mwaka jana. Nimemwandikia Bwana Jamaldin pale ofisini akutayarishie karatasi. Ni neno moja tu: kwamba tarehe mosi hukutia. Tia sahihi, tuufute ukurasa, tuanze upya. Kazi yako itabaki pale pale, nami sitaligusa tena.

J. Mutunga


Kibokoni, Mombasa
27 Februari 1966

Kwa dada yangu Mwanabaraka, Malindi,

Dada, barua hii usimsomee mumeo, usimsomee mtu. Ukimaliza itie jikoni.

Wanataka nitie sahihi kwamba nimesema uongo. Bwana Jamaldin, karani wetu mkuu, aliniita Ijumaa, akanisukumia karatasi na kalamu ameshaifungua kifuniko.

"Bibi, ni neno moja. Sikutia. Weka jina lako hapa, ukaoshe chupa zako."

"Nilitia, Bwana Jamaldin."

"Mimi sikuulizi ulifanya nini. Nakuuliza utaandika nini."

Nikamwambia nipe siku. Akasema nina mpaka mwisho wa Machi, kisha anatafuta mwosha chupa mwingine, na wako wengi wanaojua kuosha chupa.

Sasa nikwambie wewe lililotokea, maana hata Bwana Mutunga hajui. Siku ile ya Jumanne nilivitoa virusi kwenye barafu viyeyuke. Vimo ndani ya vijichupa vyembamba, na vijichupa vimo ndani ya kisanduku cha bati, kile cheusi. Nikakiweka dirishani kwa nje, kwenye ukingo, kwa dakika mbili tu nipate kupangusa meza. Mara namsikia Taib yuko getini anaita: "Mwanakhamis! Ndoo umtwae mwanao! Uji ameutema wote, mwingine u kwenye kofia yangu!" Mtoto analia mpaka sauti imekauka. Na maziwa yangu, dada, unayajua, yakimsikia analia hayangoji ruhusa.

Getini pameandikwa watoto hawaruhusiwi. Lakini Kahindi mlinzi ana benchi nyuma ya kibanda chake. Akaniambia, "Kaa hapo, dada. Mimi naangalia ndege." Akageuka akatazama juu ya mwarobaini muda wote huo, ndege mwenyewe hayupo hata mmoja.

Niliporudi juu nikakikumbuka kisanduku. Jua lilikuwa limekipiga kisawasawa. Nilikishika nikakiachia, kilikuwa cha moto kama kifuniko cha sufuria. Niliogopa, dada. Nikavimimina vile vile virusi katika chupa sita, nikaandika daftarini nimetia. Alhamisi nikaona chembe hata hazina habari, na siku ya pili huwa zimeshaanza kujikunja, nikajua nimetia maiti. Chupa nyingine ni za kuhesabu, kila moja ina kazi yake. Basi nikachukua virusi vipya, vya baridi, nikavitia katika zile zile sita juu ya vile vya kwanza, ili zife na mambo yaishe. Na tone moja nikalitia katika chupa ya saba, nijue kama vipya ni vikali. Ya saba ikafa. Zile sita zimegoma. Mpaka leo zi hai.

Kwa hiyo nilitia. Nilitia mara mbili! Halafu nitie sahihi kwamba sikutia hata mara moja? Lakini nikisema ukweli nitasema na habari ya jua, na ya jua itaitoa ya benchi, na ya benchi itanitoa kazini na Kahindi pamoja nami.

Nishauri. Nimechoka, hata kichana kinanishinda.

Mdogo wako,
Mwanakhamis


Malindi
4 Machi 1966

Mwanakhamis wee,

Barua yako nimeisoma mara tatu kisha nimeitia jikoni, na wali umeiva vizuri.

Ushauri wangu ni huu: tia sahihi. Unamwona nani atakayekuvika taji kwa sababu ya chewa? Neno moja, kalamu nyepesi, mtoto apate maziwa ya mama aliyekula. Taib naye atapona arudi Kilindini, hapo ndipo utakapopata nafasi ya kuwa na kiburi. Wewe tangu mdogo una kichwa kigumu. Chuoni mwalimu alikwambia umekosea aya ukamwambia rudia wewe kwanza. Hukupigwa kidogo siku ile.

Ila kuna jambo moja limenikaa hapa rohoni, na nimeshindwa kulitema. Umetia virusi vilivyokufa, hazikufa. Sawa, hilo naliona. Umetia virusi vizima, hazikufa. Chupa ya pembeni imetiwa vile vile ikafa. Basi wewe mwenye darubini hebu n'ambie: zile sita zilijua nini ambacho ya saba haikujua?

Mimi si msomi. Nauliza tu. Mkumbatie mwanao, umwambie khalati yake ataleta kashata.

Mwanabaraka


Kibokoni, Mombasa
20 Machi 1966

Kwa Bwana Mutunga,

Karatasi sikuitia sahihi, na sitaitia. Kabla hujakunja uso, soma mpaka mwisho.

Kuna jambo nilikuficha. Virusi vya tarehe mosi vilisahauliwa juani ndani ya kisanduku cheusi. Nilivisahau mimi. Nilikuwa getini nikimnyonyesha mwanangu. Alhamisi nikatia vipya katika chupa zile zile ili kosa lisionekane, na hapo ndipo nilipotia chupa ya saba. Hayo yote sikuyaandika daftarini. Kwa kuyaficha naomba radhi. Kwa kunyonyesha siombi. Mtoto hakuwa na pengine pa kwenda.

Baada ya barua yako nilikaa siku tatu na hasira. Kisha hasira ikawa swali, na swali hilo alinipa dada yangu anayeuza bajia Malindi. Basi nikafanya kosa langu upya, safari hii kwa makusudi. Nilitoa chembe za chewa mwingine, chupa nane. Nilitaka kila kitu kiwe kama siku ile, nisije nikabadilisha jambo nikadanganyika. Kisanduku ni kile kile, ukingo ule ule wa dirisha, saa ile ile. Na kwa kuwa siku ile sikuwa na saa mkononi, nilimwambia Taib amlete mtoto, nikakaa kwenye benchi lile lile mpaka alipomaliza. Ndipo nikapanda juu. Chupa nne nikazitia virusi vya juani. Nne nikaziacha. Siku ya tatu zote nane nikazitia virusi vya baridi, vizima, kutoka kijichupa kimoja, kwa mrija mmoja.

Leo ni Jumapili. Jana nimetazama mara ya mwisho. Nne ambazo hazikuonjeshwa vya juani zimekufa zote, zimebanduka. Nne zilizoonjeshwa zi hai. Njoo uzitazame, au mtume mtu unayemwamini kuliko unavyoniamini mimi.

Uliniandikia kwamba kuna njia moja tu ya chembe kubaki hai. Mimi mwosha chupa, darasa la nane, nakuambia ziko mbili. Ya pili sijui jina lake. Lakini zile chembe kuna kitu zilikiona katika vile virusi vilivyopigwa na jua, zikajitengeneza, na vilipokuja vizima vikakuta mlango umefungwa.

Bwana Jamaldin ameniona kwenye benchi. Nilimwambia mwenyewe nilikuwa nafanya nini na kwa nini, kwa sababu sikutaka amuulize Kahindi.

Mvua ikianza huko usitembee na kichwa wazi.

Mwanakhamis binti Sheikhan


Ofisi ya Utafiti wa Samaki
Kizingo, Mombasa
22 Machi 1966

Kwa Bi. Mwanakhamis binti Sheikhan,

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI

Kwa kuwa umekataa kutia sahihi taarifa uliyotayarishiwa na ofisi hii, na kwa kuwa umekiri mwenyewe kumwingiza mtoto mchanga ndani ya eneo la kazi mara mbili kinyume cha amri iliyobandikwa getini, unaarifiwa kwamba umesimamishwa kazi kuanzia tarehe ya barua hii hadi Bwana Mutunga atakapotoa uamuzi. Unatakiwa kurudisha ufunguo wa chumba na koti jeupe bila kuchelewa.

Jamaldin Kassamali
Karani Mkuu


Kibokoni, Mombasa
23 Machi 1966

Kwa Bwana Jamaldin,

Ufunguo huu hapa, na koti nimelifua na kulipiga pasi. Mwanangu hakuingia ndani ya geti. Benchi liko nje, kapime.

Chupa nne zilizo hai ziko rafu ya juu ya kabati la baridi. Maji yao mekundu yakigeuka manjano zina njaa. Zibadilishie kila siku ya tatu, polepole, upande usio na chembe, usizimwagie kichwani. Umeme ukikatika weka barafu chini ya kabati. Chembe hazijui kwamba mimi nimesimamishwa.

Mwanakhamis


Skotlandi
24 Aprili 1966

Bi. Mwanakhamis,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikujibu kwa kitu, si kwa maneno.

Barua yako ilinikuta chakulani. Nikaacha sahani. Hapa tuna chembe za trauti, samaki wa mito ya baridi, na virusi vyao wenyewe. Niliviweka virusi katika maji ya moto badala ya jua, kwa kuwa jua hapa ni hadithi, na nikafuata njia yako hatua kwa hatua. Mara ya kwanza nikavichemsha mno, chembe zikafa zote, nikakulaumu tena kimoyomoyo. Mara ya pili nikapunguza moto. Zikaishi. Bi. Mwanakhamis, zikaishi!

Kisha nikafanya jambo ambalo wewe hukupata nafasi ya kulifanya. Nilichukua yale maji yaliyokuwa juu ya chembe zilizopona, nikahakikisha hamna kirusi ndani yake, nikayamimina katika chupa ambayo haijaonja kitu. Siku iliyofuata nikaitia virusi vikali. Nayo ikaishi.

Nadhani sasa naweza kumjibu dada yako. Kirusi kilichopigwa na joto hakiwezi tena kuzaana, lakini umbo lake bado lipo. Chembe nyeupe ya samaki inapokigusa inakitambua kwamba si cha nyumba hii. Haisubiri kuumizwa. Inatengeneza kitu na kukitoa nje, majini, na kitu hicho hakikiui kirusi hata kidogo. Kinakwenda kwa chembe za jirani kuziarifu, nazo hujifunga ndani, kirusi kikiingia kikose pa kuzalia. Lakini kazi hiyo inataka muda. Ndiyo maana chupa zako zilizopata siku mbili zikapona, na ya saba iliyoshtukizwa ikafa. Kitu hicho kinaitwa interferoni. Kwa kuku na kwa watu kimejulikana miaka michache iliyopita. Kwa samaki ndiyo kwanza wanaanza kukiandika, na chewa wako hayumo katika karatasi ya mtu yeyote.

Nilikukosea. Naomba radhi, na naiandika hapa ili uwe nayo kwa mkono wangu.

Sasa sikia. Profesa amekubali tuandike makala. Katika makala lazima tuseme virusi viliwekwa wapi na kwa muda gani. Siwezi kuandika kwamba vilisahauliwa. Msomaji atacheka kabla hajafika jedwali la kwanza. Nimeandika hivi: "Kwa maelekezo ya mtafiti, virusi viliwekwa juani kwa saa moja kamili." Chini yake nimeacha nafasi ya jina lako kama shahidi. Ukiitia sahihi, mkurugenzi wa pale Kizingo atakurudisha kazini, tena si kuosha chupa. Utakuwa msaidizi wa maabara. Amenihakikishia.

Ni jambo dogo, na mara hii ni kwa faida yako.

J. Mutunga


Kibokoni, Mombasa
2 Mei 1966

Kwa Bwana Mutunga,

Radhi yako nimeipokea na nimemsomea Taib kwa sauti, mara mbili. Ya trauti imetufurahisha. Dada yangu nimemwandikia, amejibu kwamba alijua tangu mwanzo. Hakujua, lakini mwache.

Karatasi yako ya pili inarudi kama ilivyokuja, nafasi ya jina iko tupu.

Usinione sina shukrani. Mwezi wa pili ulitaka niandike kwamba sikufanya nililolifanya. Sasa unataka niandike kwamba ulifanya wewe usilolifanya. Ile ya kwanza ingeniacha mwosha chupa, hii itanifanya msaidizi wa maabara. Kwangu mimi ni karatasi moja, imepakwa sukari tu. Ulinifundisha mwenyewe, umesimama nyuma yangu kwenye darubini: andika ulichokiona, usiandike ulichotaka kukiona. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, ukaniletea kiti. Kiti kile sijakisahau. Ndiyo maana nakuambia wewe, singejisumbua kumwambia mtu mwingine.

Halafu haikuwa saa moja kamili. Uliyajuaje hayo? Uliona inapendeza machoni? Umeniandikia mwenyewe kwamba ulipochemsha mno zilikufa zote. Kesho yuko mtu mahali, Bombay au Dar es Salaam, atafuata hiyo saa yako moja kamili, chupa zake zife, naye aitwe mwongo na karani wake. Nimeshakuwa mtu huyo. Sitamtia mwingine pale.

Andika hivi, nimekuandikia tayari:

"Virusi vilisahauliwa juani na Mwanakhamis binti Sheikhan, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto. Alificha kosa lake kwa kutia virusi vizima juu ya vile vilivyokufa. Chembe hazikufa. Alilirudia kosa hilo kwa makusudi, chembe hazikufa tena."

Hii nitaitia sahihi. Wakicheka, wacheke, kisha wajaribu.

Kazini sijarudishwa. Nashona kofia na Taib, yeye anatoboa mimi natia uzi, na bado tunakula. Usijitese kwa hilo. Jitese kwa saa yako moja kamili.

Mwanakhamis binti Sheikhan


Skotlandi
14 Mei 1966

Bi. Mwanakhamis,

Nilikaa na barua yako siku mbili mfukoni. Siku ya tatu nikamsomea Profesa maneno yako, nikiyageuza kwa Kiingereza neno kwa neno, masikio yangu yakiwaka. Ni mzee wa watu, ana wajukuu saba. Alicheka sana. Kisha akaiomba karatasi, akaitazama kana kwamba anaweza kuisoma.

Akasema, "Nilikuwa nikijiuliza kwa nini mtu mwenye akili alirudia virusi katika chupa zile zile. Hakuna ambaye angelipanga hivyo. Sasa naelewa." Akachukua kalamu akaikata sentensi yangu ile ya maelekezo ya mtafiti, mstari mmoja, na juu yake akaandika jina lako, akaniuliza linavyoandikwa, herufi kwa herufi.

Maneno yako yataingia. Jina lako litakuwa la pili, baada ya langu. Nilitaka kukuambia liwe la kwanza, lakini nikajua utaniuliza nani alifanya ile kazi ya maji, na hiyo niliifanya mimi. Mkurugenzi nimemwandikia mambo yote, pamoja na benchi.

Lakini Profesa amebaki na swali, na makala haiendi bila jibu lake. Hakuna duniani anayelijua ila wewe. Anauliza: mtoto alinyonya kwa muda gani?

J. Mutunga


Kibokoni, Mombasa
23 Mei 1966

Kwa Bwana Mutunga,

Juzi Bwana Jamaldin alikuja nyumbani, mwenyewe, kwa miguu kutoka Kizingo. Akakaa barazani, kofia mapajani, akamsifu mtoto, akausifu mguu wa Taib, akasifu mpaka mlango. Taib akamwambia, "Yakhe, sema. Chai inapoa." Ikatoka: kwa miezi miwili amekuwa akizilisha zile chupa nne kwa mkono wake kama nilivyomwandikia. Mbili zimekufa, mbili zinaendelea, na sasa moja maji yake yamekuwa na ukungu, naye hana usingizi. Alikuwa na ufunguo mfukoni na barua ya mkurugenzi. Nikamwambia nitarudi, ila adhuhuri nitashuka kwenye benchi kila siku mpaka mwanangu aache ziwa, na Kahindi asiulizwe. Akasema lile tangazo la getini amelibandua asubuhi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema lilikuwa limechakaa.

Chupa yenye ukungu nimeitupa. Iliyobaki ni nzima.

Sasa swali la Profesa. Sikuwa na saa, lakini Kizingo kuna shule, na kengele yao ya saa sita ililia wakati nafungua kifungo. Siku zote mbili ilikuwa hivyo. Mwanakuu alianza na ziwa la kulia kwa fujo, analia na kunyonya pamoja. Adhana ya adhuhuri ikatukuta tunahamia la kushoto. Kisha akalala, na mimi sikumwamsha. Sikumwamsha kwa sababu nami nilikuwa nimeegemea ukuta, macho yamefumba, na upepo ulikuwa unapita. Hili sikumwambia hata dada yangu. Nilipopanda ngazi, mwenzake Kahindi wa zamu ya saa saba na robo alikuwa anatundika kanzu yake.

Mwambie ni saa moja na robo: la kulia, la kushoto, na usingizi. Aandike yote matatu, maana bila ule usingizi virusi vingebaki vizima.

Mwanakhamis binti Sheikhan